Jina Katikati ya Wimbo

Jina la Hubert Lotika liliingia nyumbani kwa Ursule siku ya Jumanne, saa nne ya asubuhi, kupitia redio ya jirani, na halikubisha hodi. Mama Clémence, mama yake Ursule, alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua majani ya pondu, kisamvu cha mchana. Ursule alikuwa anaanika nguo. Jirani yao Safi wa nyumba ya pili aliongeza sauti ya redio, akaita juu ya ukuta: "Ya Ursule, sikia, ni ile nyimbo yenu wanapiga."

Walikuwa wao kweli. Gita la Sylvain, mumewe, lilitangulia polepole, ikafuata sauti ya juu ya Ursule, kisha sauti nzito ya Sylvain ikaja chini yake kuipokea. Mama Clémence aliacha majani mapajani. Wimbo huo ulikuwa wa Héritier, kitinda mimba wake, aliyezama miezi kumi na moja iliyopita karibu na Yanonge pamoja na baleinière nzima, ile mashua ndefu ya mbao inayopakia watu juu ya magunia na magunia juu ya watu. Alipokuwa hai waliimba watatu: Ursule juu, Sylvain chini, Héritier kati. Alipokufa hawakutafuta wa kumrithi. Katika wimbo wake, baada ya ubeti wa pili, waliacha pengo. Gita linazunguka mara nne, haimbi mtu. Waumini wa parokia walilijua pengo hilo, na likifika huwa wanainamisha vichwa.

Redioni pengo likafika, na ndani yake ikaingia sauti ya mwanamume, changamfu kama ya mtu anayekaribisha wageni arusini: "Papa Hubert Lotika, papa ya ba orphelins, mufariji ya Tshopo yote, Mungu akulinde."

Hubert Lotika, huyo baba wa yatima, ndiye mwenye ile baleinière.

Mama Clémence hakulia. Laiti angelia, Ursule angejua la kufanya. Alikung'uta majani mapajani, yakaanguka mchangani, akasema, "Ile sauti ni ya bwana yako."

Ursule aliijua kabla hajaambiwa. Hakuna mke asiyeijua sauti ya mumewe, sembuse mke anayeimba naye kila siku ya Mungu. Alibaki ameshika shati la Sylvain lenye maji, na hasira ikampanda kutoka miguuni.

Libanga ni jiwe, na waimbaji wa Kongo wana desturi ya kutupa mawe ya namna yao: tajiri anatoa fedha, mwimbaji anataja jina lake katikati ya wimbo, tajiri anavimba kichwa, muziki unaendelea. Hakuna anayeona haya. Watu wametupiwa libanga katika nyimbo za mapenzi, za pombe, hata za Mungu. Lakini kumtupia libanga mwenye mashua ndani ya wimbo wa mtu aliyekufa katika mashua hiyohiyo, hilo halijawahi kusikika hata katika mtaa wa Mangobo, ambako kila kitu kimeshasikika.

*

Sylvain alirudi saa sita kutoka kwenye maporomoko, ambako ukoo wao una miti yao iliyosimikwa majini na mitego yao ya kuning'inia. Alikuwa na samaki wawili kwenye ugwe. Kwao samaki wa kwanza wa mtego ni wa mama mkwe, na tangu siku ya ndoa Sylvain hakuwahi kuikosea desturi hiyo. Aliinama, akamweka samaki mkubwa kwenye sahani mbele ya Mama Clémence, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

Mama Clémence aliisukuma sahani kwa kidole kimoja mpaka ikagusa miguu ya Sylvain.

"Rudisha samaki yako. Mi sitakula samaki ya mutu wa Hubert."

"Mama bokilo," alisema, kwa neno la kwao la mkwe, "nisikilize kwanza, nikueleze."

"Utamweleza Héritier."

Mama Clémence aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, kitenge chake cha matanga na sufuria ndogo aliyokuja nayo kutoka Isangi, akaenda zake kivukoni kupanda mtumbwi wa kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa dada yake. Ursule alimfuata hadi njia kuu akimsihi. Mama yake alimwambia maneno machache tu, kwamba mwanamke anaweza kulala na adui bila kujua, lakini akishajua ni juu yake. Majirani walikuwa wameshatoka nje kufagia nyua zilizokuwa safi tangu asubuhi.

Ursule aliporudi, Sylvain alikuwa bado amesimama palepale, samaki miguuni.

"Sema sasa," Ursule alisema.

"Rolly alisema bila libanga albamu haitoke." Rolly ndiye mwenye studio walikorekodia. "Nyimbo kumi, Ursule. Miaka mbili tunaimba ndani ya ile chumba na joto yote ile. Tungebaki nayo kwa kichwa mpaka lini?"

"Na kwa nyimbo yote kumi, ulichagua ile."

"Si miye nilichagua. Ni Papa Hubert mwenyewe. Alisikia yote, akasema ile ndiyo iko na nafasi."

"Nafasi."

"Donc, mahali bure. Mahali hakuna mutu anaimba."

"Pale iko mutu, Sylvain." Sauti yake haikupanda, na ndiyo maana Sylvain alirudi nyuma hatua moja. "Pale iko mutu. Weye mwenyewe ulisema tusimwekee mutu mwengine. Ulilia hapa, kwa hii kiti."

"Libanga ni publicité, matangazo tu. Nilifunga macho, nikasema, nikatoka. Kesho batu watasahau."

"Ndiyo. Watasahau. Ule Hubert anatafuta nini ingine?"

Sylvain hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Ursule kuliko yote. Angekuwa mlevi au mpigaji, Ursule angemjua adui yake alipo. Huyu alikuwa mpole, anamwita mama mkwe kwa heshima, anamletea samaki, kisha anaingia chumbani kwa Rolly anamuuza shemeji yake kwa bashasha. Kikulacho ki nguoni mwako. Ursule alimtupia shati lake bichi kifuani.

"Vaa. Tunaenda kwa Rolly."

*

Studio ilikuwa chumba kimoja huko Makiso, magodoro yamepigiliwa ukutani ili kelele za pikipiki zisiingie. Rolly aliwapokea kwa vigelegele vya mtu mmoja. Alisema wimbo unapigwa redio mbili, na Jumapili ya uzinduzi wa albamu ukumbi wa parokia utajaa mpaka nje.

"Toa ile jina," Ursule alimwambia.

"Grande soeur, mixage imekwisha funga, sauti zote zimeshaungana."

"Fungua."

Rolly alimtazama Sylvain, kama vile mwanamke ni gari na dereva ndiye wa kuulizwa. Sylvain alitazama sakafu.

"Bon. Nikuambie ukweli," Rolly alisema. "Masaa ya studio, affiche za ukutani, ukumbi, yote ni Papa Hubert. Yeye akisema nitoe, mi natoa kwa dakika tano. Bila yeye, hapana. Na tena, pour être honnête, ile vide, ile nafasi bure, ilikuwa inaharibu nyimbo. Batu wa radio hawapendi vide. Wanafikiri ni panne, redio imeharibika. Sasa ndiyo imejaa, inasikilika."

Ursule alimuuliza kama anajua lile pengo lilikuwa la nani. Rolly alisema anajua, Sylvain alimweleza, ni histoire nzuri sana, na kama wangependa anaweza kuiweka kwenye tangazo. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na ulimi wa Rolly ulikuwa umefika kwenye kiwiko cha Hubert.

*

Kesho yake asubuhi walikwenda kwenye depo ya Hubert Lotika kando ya mto. Sylvain alivaa koti lake la ndoa. Karani aliwaonyesha benchi akasema, "Ba artistes, mungojee hapo," na wakangoja tangu saa tatu. Waliingia wafanyabiashara, wakatoka. Aliingia mtu na mbuzi wawili, akatoka na mbuzi mmoja. Wao walibaki wamekaa. Kutoka kwenye benchi Ursule aliona baleinière mpya inapakiwa: magunia ya mchele, mapipa, baiskeli, magunia ya makaa juu ya baiskeli. Ubavuni walikuwa wamechora mstari mweupe wa kuonyesha mwisho wa mzigo. Kufika saa tano mstari ulikuwa majini, na wanawake wenye watoto mgongoni walikuwa bado wanapanda.

Saa sita waliitwa. Papa Hubert alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na walipoingia alikuwa anauvumisha wimbo wao puani. Alimwita Ursule "ma fille," binti yangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mi pia nililia ile siku," alisema. "Moteur mbili zilikwenda. Na vitu vya batu. Lakini hii nyimbo yenu inaniponyesha, kweli."

"Papa, tunakuomba jina yako itoke ndani," Ursule alisema. "Hatuombi kitu kingine."

"Itoke namna gani? Nimeshasikilizisha batu wote." Alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anayemwelekeza mtoto. "Jumapili nitakuja miye mwenyewe, nitakaa mbele. Mukitupa libanga, nitasimama, nitabandika kitu kidogo hapa kwa kipaji ya uso ya Sylvain, batu waone. Waone kama kati yangu na famille hakuna likambo, hakuna ugomvi. Ile deuil, ile matanga, imekuwa murefu. Tunaifunga pamoja."

"Unajua majina yao, Papa?"

"Ya nani?"

"Ya wale walikufa."

Papa Hubert alimwachia mkono. "Ma fille, manifeste, karatasi ya majina ya wasafiri, haikukuwa. Hakuna liste. Nani alipanda, nani hakupanda, ni Mungu tu anajua. Hata tribunal ilisema vile: hakuna liste, basi hakuna dossier, hakuna kesi." Kisha alifungua kabati, akatoa kitenge kilichokunjwa vizuri, bado kina karatasi yake ya dukani. "Hii ni ya mama. Mumwambie ni mutoto wake Hubert."

Sylvain alikipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na akasema, "Merci, Papa." Ursule aliyasikia maneno hayo mpaka kwenye meno. Walipofika nje alimnyang'anya kitenge, akakiweka juu ya benchi walipokuwa wamekaa, nacho kingoje hapo.

Walipokaribia nyumbani Sylvain aliuliza, "Basi tufute Jumapili?"

"Hatufuti. Tutaimba zote kumi."

"Na ile libanga?"

"Libanga ulitupa weye. Mi sina maneno nayo. Midomo ni yako."

Siku ya Jumamosi Ursule alivuka mto kwenda Lubunga asubuhi na mapema. Alirudi jioni miguu ina vumbi hadi magotini, kama mtu aliyepita nyumba kwa nyumba. Sylvain alimuuliza kama mama amekubali kurudi. Alimjibu hapana, akaenda kulala.

*

Jumapili saa tisa alasiri ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Palikuwa na kwaya yao ya zamani, walimu, wavuvi wa maporomoko na wake zao, na vijana waliouona uso wa Ursule kwenye bango. Jenereta la Rolly lilikuwa linanguruma nje kwa ajili ya maikrofoni mbili. Katikati ya wimbo wa tatu Papa Hubert aliingia na watu wake wanne, na Rolly akamwinua katekista mzee aliyekuwa ameketi mbele tangu saa saba, akampeleka asimame ukutani. Mzee alikwenda, kofia mkononi. Ursule aliona, akaimba.

Na waliimba vizuri, hilo lazima lisemwe. Ursule alikuwa hajamwambia mumewe neno jema kwa siku tano, hata hivyo sauti zao zilikutana palepale zinapokutana siku zote, kwa sababu sauti zilizozoeana hazijui ugomvi wa wenyewe. Hilo nalo lilimkasirisha. Alitaka sauti yake imkatae, nayo inamfuata.

Wimbo wa sita ulipokwisha, mlango wa nyuma ulifunguliwa wakaingia wanawake. Mama Clémence alikuwa wa kwanza, kitambaa cheusi kichwani, nyuma yake wanawake wengine wa Lubunga, wengi, na wazee wanaume kadhaa. Viti vilikuwa vimekwisha. Walijipanga kwenye njia ya katikati, huku na huku, wakasimama. Rolly aliwaona akafurahi kwamba ukumbi umefurika.

Sylvain alianza wimbo wa saba, ule wa Héritier. Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, na watu wa kwaya wakainamisha vichwa kwa mazoea. Gita likaingia kwenye mzunguko wake. Papa Hubert alifunga kifungo cha koti, akaingiza mkono mfukoni, akaanza kuinuka na noti zake zimekunjuliwa tayari.

Mzunguko wa kwanza. Sylvain alimtazama mkewe. Wa pili. Ursule alisogea kando ya maikrofoni, akamwambia kwa sauti ile ya kumwagiza chumvi, lakini watu wa mbele wote walisikia:

"Tupa libanga, Sylvain. Tupa ya mwenye mahali."

Mzunguko wa tatu, wa nne. Sasa ilikuwa zamu ya Ursule kuingia na ubeti wa tatu, naye hakuingia. Alifunga mdomo, akangoja. Gita likaanza mzunguko upya. Mikono ya Sylvain ilikuwa inacheza yenyewe, jasho linamtiririka hadi kidevuni, na Papa Hubert amesimama mbele yake nusu hatua, kipaji cha uso wake mwenyewe kinang'aa, anatabasamu, anangoja kutajwa. Nyuma ya Papa Hubert kulikuwa na albamu, redio, bango, safari ya Kinshasa ambayo Rolly alikuwa ameitaja mara mbili. Ursule alijua yote hayo yanapita kichwani mwa mumewe, akamchukia kwa kila mzunguko uliopita, na akili yake ikamwambia wazi kwamba akilitaja jina lile mara ya pili, leo hatarudi naye nyumbani.

Sylvain alisogea kwenye maikrofoni.

"Héritier Losala," alisema. Sauti ilikwaruza, haikuwa ile ya arusini. "Mutoto wa Mama Clémence. Wa Isangi. Alikuwa anaimba hapa, katikati yetu."

Papa Hubert alibaki amesimama na noti mkononi, hakujua akae au aende. Kabla hajaamua, mwanamke mmoja alisema kwenye njia ya katikati, kwa utulivu, kama anayejibu anapoitwa kwenye orodha: "Tania. Binti yangu. Alikuwa na mimba ya miezi saba."

"Arsène na ndugu yake René," alisema mzee aliyekuwa karibu naye.

"Constant, bwana yangu. Hawakumupata mpaka leo."

"Sadrack. Alikuwa anarudi masomoni."

Rolly alitoka mbio nje, jenereta likazimika, na maikrofoni zikafa. Alidhani amekomesha jambo. Lakini gita moja na makoo ya watu havijawahi kuhitaji jenereta, na kelele ile ilipoondoka kila jina lilisikika hadi uani. Sylvain alikuwa anazungusha tu, mzunguko juu ya mzunguko, kwa sababu majina yalikuwa hayaishi.

Papa Hubert aliona afadhali atoke. Hapakuwa na njia nyingine isipokuwa ile ya katikati. Wanawake hawakumzuia, hawakumgusa, walimpisha vizuri kama anavyopishwa mtu mkubwa, na kila aliyempita alimtazama usoni akamwambia jina moja. Alitembea kwanza kwa heshima yake, kisha kwa haraka. Mama Clémence alikuwa wa mwisho, mlangoni. Alimwambia, "Héritier," na akamfungulia mlango.

Majina yaliendelea hata baada ya gari lake kuondoka. Jina la mwisho liliposemwa, ukumbi ukabaki na gita peke yake. Sylvain alimgeukia Ursule. Macho yake yalikuwa yanaomba kuambiwa kwamba imetosha, kwamba sasa wamelingana. Ursule alimwona, na haikutosha. Redioni jina la Hubert Lotika lilikuwa bado limekaa mahali pa mdogo wake, na lingekaa hapo kesho na kesho kutwa, kwa sauti ya huyuhuyu. Aliuchukua ubeti wa tatu juu kuliko walivyozoea, bila kumpa ishara, na Sylvain akabaki chini anatafuta mahali pa kuingia.